Kelele za Rafadha za Droni: Namna ya Kuzilinganisha kwa Haki

1. UTANGULIZI

Tarehe 3 Desemba 2013, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo (MONUSCO) ulirusha kutoka Goma droni zake za kwanza za upelelezi zisizo na silaha. Tangu siku hiyo, ndege zisizo na rubani zimezidi kuongezeka katika anga ya nchi yetu na ya majirani zetu. Nchini Rwanda, kampuni ya Zipline ilianza mnamo Oktoba 2016 kupeleka damu hospitalini kutoka kituo chake cha Muhanga. Droni ndogo za umeme, zenye rafadha nne, hupiga picha za arusi, hupima mashamba na machimbo, na huwasaidia watafiti kuchunguza misitu na wanyama. Kwa upande mwingine, katika vita vya Kivu droni za kivita zimetumika kushambulia, hata sauti inayosikika angani bila chombo chenyewe kuonekana imekuwa kwa watu wengi ishara ya hatari.

Kelele ya droni, basi, si jambo la wahandisi peke yao. Ni jambo la mgonjwa aliyelala wodini, la mwanafunzi aliye katika mtihani, la mkulima asiyejua kama kile kinacholia juu ya kichwa chake kimekuja kwa heri au kwa shari. Nao wauzaji wa vyombo hivi wamelitambua hilo: hakuna neno wanalolipenda leo kama neno “kimya”. Kila rafadha mpya hutangazwa kuwa ni kimya kuliko iliyotangulia, na aghalabu tangazo huambatana na tarakimu. Swali ni je, tarakimu hizo zina maana gani, na zinalinganisha nini na nini?

Makala hii inakusudia kujibu swali hilo kwa hatua nne. Kwanza tutaweka wazi istilahi. Pili tutaeleza kelele ya rafadha inatoka wapi. Tatu tutaonyesha masharti ya ulinganishi wa haki na kuyatumia kwa aina kuu za rafadha. Nne tutamgeukia yule anayesikia akiwa chini. Tutajifunga kwenye droni ndogo za umeme, maana droni kubwa zenye injini ya mafuta, kama zile za MONUSCO, huongeza juu ya kelele ya rafadha kelele ya injini yenyewe.

2. ISTILAHI

Chombo kinachozunguka na kuisukuma hewa huitwa katika kamusi zetu rafadha. Wengine husema parapela, na wengine pangaboi, neno ambalo hutumika pia kwa feni ya darini. Hapa tutatumia rafadha. Kila mkono wa rafadha tutauita bapa (wingi, mabapa), na mwisho wake ncha. Nguvu ambayo rafadha huitoa kwa kuisukuma hewa chini, na ambayo huibeba droni juu, tutaiita msukumo.

Rafadha huuzwa kwa namba mbili. Ya kwanza ni kipenyo, yaani upana wa duara linalochorwa na ncha. Ya pili ni hatua, yaani umbali ambao rafadha ingesonga mbele katika mzunguko mmoja kama ingekuwa inapenya kitu kigumu mithili ya skrubu. Namba zote mbili huandikwa kwa inchi.

Kuhusu sauti, Kiswahili kina utajiri ambao wanafizikia wetu hawajautumia vya kutosha. Tunasema mlio, mvumo, mshindo, mngurumo, ukelele, na kila neno lina mahali pake. Kwa haja ya makala hii tutatenga mawili. Mlio tutauita ile sauti yenye kimo maalumu, ambayo mtu anaweza kuiiga kwa kuimba. Mvumo tutauita ile sauti isiyo na kimo kimoja, kama ya upepo katika majani au ya maji yaporomokapo. Tunakiri kwamba katika matumizi ya kila siku nyuki huvuma, ngoma huvuma, na upepo huvuma. Mgawanyo wetu ni wa kitaalamu tu. Hata hivyo una faida, maana rafadha hutoa sauti zote mbili kwa pamoja, na dawa ya moja si dawa ya nyingine.

Idadi ya mitetemo katika sekunde moja tutaiita marudio, na kipimo chake ni hezi. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Kipimo hiki si cha kujumlisha kama kilo za mchele. Nguvu ya sauti ikizidishwa mara mbili, desibeli huongezeka 3 tu. Ikizidishwa mara nne, huongezeka 6. Na ili sikio lione kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu, huhitajika ongezeko la desibeli zipatazo 10. Msomaji asiposhika jambo hili, matangazo yatamdanganya kwa urahisi, kama tutakavyoona.

3. CHANZO CHA KELELE

3.1 Mlio

Kila bapa linapopita mahali, huisogeza hewa kwa unene wake na kuisukuma kwa msukumo wake. Mtu aliyesimama karibu hupokea pigo moja dogo la hewa kila bapa linapopita. Mapigo hayo yakifuatana upesi, sikio huyaunganisha na kuyasikia kuwa mlio mmoja. Kimo chake hupatikana kwa hesabu nyepesi: zidisha idadi ya mabapa kwa idadi ya mizunguko katika sekunde. Rafadha ya mabapa mawili inayozunguka mara 6,000 kwa dakika huzunguka mara 100 kwa sekunde. Mlio wake basi ni wa hezi 200, na juu yake huambatana milio midogo ya hezi 400, 600, 800 na kuendelea.

Tarakimu hiyo si ngeni katika mazingira yetu. Nyuki hupiga mbawa zake mara zipatazo 230 kwa sekunde, na mbu mara 400 hadi 600 au zaidi. Ndiyo maana droni ya kadiri husikika kama nyuki, na droni ndogo ya mashindano kama mbu. Hapa hatutoi tamathali ya semi. Ni hesabu ile ile moja.

3.2 Mvumo

Hewa inayopita juu ya bapa haipiti kwa utulivu. Karibu na uso wa bapa huchafuka, na inapoukimbia ukingo wa nyuma hutoa mvumo. Kwenye ncha, hewa ya chini yenye shinikizo kubwa hukimbilia juu kwenye shinikizo dogo, ikajiviringisha kuwa kisulisuli kidogo kinachoburutwa nyuma ya ncha. Bapa linalofuata likikigonga kisulisuli hicho, au likipita katika hewa iliyochafuliwa na upepo, mvumo huzidi. Ukingo uliochubuka kwa vumbi na changarawe huongeza jambo hilo, na kwa hiyo rafadha iliyotumika miezi mingi katika barabara zetu za udongo haitoi tena sauti iliyopimwa kiwandani.

3.3 Mwelekeo

Milio na mivumo haiendi upande mmoja. Mlio husafiri kwa nguvu zaidi kuelekea pembeni, katika usawa wa mzunguko. Mvumo husafiri zaidi kuelekea juu na chini. Mtu aliye chini kabisa ya droni husikia zaidi mvumo wa hewa, na aliye mbali, ambaye droni kwake iko karibu na upeo wa macho, husikia zaidi mlio. Isitoshe, hewa humeza sauti za marudio ya juu upesi kuliko za marudio ya chini, hivyo kinachofika mbali ni ule mlio wa chini. Kwa hiyo wapimaji wawili wanaweza kupima rafadha moja kutoka pande mbili, wakapata majibu mawili, na wote wakawa wakweli.

3.4 Mwendo wa ncha

Kati ya sababu zote, moja huzitawala nyingine: mwendo wa ncha. Nguvu ya mvumo hukua takriban kwa kipeo cha tano au cha sita cha mwendo huo. Maana yake ni kwamba ukiupunguza mwendo wa ncha kwa nusu bila kubadili lolote jingine, kelele hushuka kwa desibeli 15 hadi 18. Hakuna umbo la ajabu la bapa linaloweza kushindana na punguzo kama hilo. Anayetaka rafadha kimya aanze kwa kuuliza: ncha inakwenda kwa kasi gani?

4. MASHARTI YA ULINGANISHI

Mtu akizifunga rafadha mbili kwenye mota moja, akaziendesha kwa mizunguko sawa, kisha akatangaza kwamba ya pili ni kimya zaidi, hajathibitisha kitu. Huenda ya pili ni kimya kwa sababu haibebi kitu. Akiifunga kwenye droni, mota italazimika kuizungusha upesi zaidi ili chombo kiinuke, na ule ukimya utatoweka. Sharti la kwanza la haki, basi, ni msukumo sawa: kila rafadha ipimwe ikiwa inabeba uzito ule ule.

Sharti la pili ni umbali sawa na upande ule ule. Katika uwanja wazi, umbali ukizidishwa mara mbili sauti hupungua kwa desibeli 6. Anayepima kwa mita moja na anayepima kwa mita mbili hawazungumzi lugha moja.

Sharti la tatu ni hewa ile ile. Jambo hili linatuhusu sana sisi tukaao katika nyanda za juu. Goma iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,500, na hapo hewa ni nyepesi kuliko ile ya pwani kwa takriban asilimia 13. Ili kutoa msukumo ule ule, rafadha ile ile lazima izunguke upesi zaidi kwa asilimia 7 hivi. Mlio wa hezi 200 pwani huwa wa hezi 214 huko Goma, nayo betri huchoka mapema. Tarakimu zilizopimwa karibu na usawa wa bahari hazituhusu moja kwa moja.

Sharti la nne ni kuitenga rafadha na wenzake. Kelele ya droni ni jumla ya rafadha nne, mota, na vidhibiti vya umeme vinavyoziendesha mota hizo. Kwa hesabu tupu, rafadha nne zinazolingana huzidi moja kwa desibeli 6. Lakini katika upepo kidhibiti hubadilisha mizunguko ya kila rafadha bila kukoma ili chombo kisipinduke. Milio minne inayokaribiana hukutana, ikatoa ule mlio unaotetemeka na kupandapanda ambao kila aliyesikia droni anaukumbuka. Mlio huo hautoki katika rafadha yoyote moja.

5. ULINGANISHI WA AINA ZA RAFADHA

5.1 Kubwa na ndogo

Tuchukue mfano wa kufikirika: droni ya gramu 800, ambamo kila rafadha inabeba gramu 200. Tulinganishe rafadha tatu za umbo moja, zenye mabapa mawili, zinazotofautiana kwa kipenyo tu. Kanuni inasema kwamba msukumo hukua kwa mraba wa mizunguko na kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Tukianzia na rafadha ya inchi 8 inayohitaji mizunguko 6,000, tunapata haya:

Inchi 5: mizunguko 15,360 kwa dakika, mwendo wa ncha mita 102 kwa sekunde, mlio hezi 512.

Inchi 8: mizunguko 6,000 kwa dakika, mwendo wa ncha mita 64 kwa sekunde, mlio hezi 200.

Inchi 10: mizunguko 3,840 kwa dakika, mwendo wa ncha mita 51 kwa sekunde, mlio hezi 128.

Zote tatu zinafanya kazi ile ile. Lakini tukizingatia mwendo wa ncha, na tukitoa fidia ya ukubwa wa bapa lenyewe, mvumo wa ile ya inchi 5 unazidi wa ile ya inchi 8 kwa desibeli 6 hadi 8, na wa ile ya inchi 10 unapungukiwa kwa 3 hadi 4. Juu ya hayo sikio lina upendeleo wake: linasikia vizuri zaidi sauti zilizo kati ya hezi 2,000 na 5,000, na kadiri sauti inavyoshuka chini ya hapo, ndivyo linavyozidi kuwa zito. Kipimo kinachofuata upendeleo huo, kiitwacho desibeli A, huipunguzia sauti ya hezi 500 desibeli 3, ya hezi 200 desibeli 11, na ya hezi 125 desibeli 16. Kwa hiyo rafadha kubwa inashinda mara mbili: inavuma kidogo, na mlio wake umeshuka mahali ambapo sikio halisikii vyema. Tena hula umeme mdogo zaidi.

Kwa nini basi si kila droni ina rafadha kubwa? Kwa sababu rafadha kubwa ni nzito kugeuzwa mwendo, hivyo chombo huitikia amri polepole. Huhitaji mikono mirefu. Na haiingii mfukoni. Ukimya hununuliwa kwa nafasi.

5.2 Mabapa mawili na matatu

Tukibaki na inchi 8 lakini tukaongeza bapa la tatu, msukumo ule ule hupatikana kwa mizunguko michache. Tuseme imeshuka kutoka 6,000 hadi 5,200: mwendo wa ncha umeshuka kutoka mita 64 hadi 55 kwa sekunde, na hiyo ni faida. Zaidi ya hayo, mzigo umegawanywa kwa watatu badala ya wawili, na kila pigo la hewa limekuwa dogo. Lakini mapigo yameongezeka: mlio sasa ni wa hezi 260 badala ya 200, yaani umepanda kuelekea mahali ambapo sikio ni kali. Faida moja imeliwa kwa sehemu na hasara nyingine. Zaidi ya hapo, mabapa mengi huburuta hewa zaidi, na betri hulipa gharama. Rafadha ya mabapa matatu inafaa pale ambapo kipenyo hakiwezi kuongezwa. Pale kinapoweza kuongezwa, inchi mbili za kipenyo ni bora kuliko bapa la tatu.

5.3 Ncha zilizochongwa

Njia nyingine ni kubadili umbo la bapa: kulipunguza upana kuelekea nchani, kuipinda ncha nyuma, na kulisokota bapa ili mzigo mkubwa ubebwe na sehemu ya kati ambayo haiendi kwa kasi. Hapo kisulisuli cha ncha hudhoofika. Wengine huuchonga ukingo wa nyuma meno-meno, wakiiga manyoya ya bundi, ndege ambaye huruka usiku bila kusikika na windo lake.

Mfano unaojulikana ni Mavic Pro Platinum ya kampuni ya DJI, iliyotangazwa mwaka 2017. Kampuni ilisema kwamba chombo hicho kilipunguza kelele kwa desibeli 4, au asilimia 60, kuliko Mavic Pro iliyotangulia. Tarakimu hizo mbili hazipingani: kushuka kwa desibeli 4 ni kweli kupoteza asilimia 60 ya nguvu ya sauti. Lakini asomaye “asilimia 60” atadhani kelele imebaki chini ya nusu kwa masikio yake, hali sikio linahitaji desibeli 10 ili kuhisi nusu. Desibeli 4 ni tofauti inayosikika waziwazi, wala si ya kudharauliwa. Ila si ile ambayo asilimia inaiahidi. Tena punguzo hilo halikutoka kwenye rafadha peke yake: vidhibiti vya umeme navyo vilibadilishwa ili viziendeshe mota kwa mkondo laini zaidi. Mtu akinunua rafadha zile tu na kuzifunga kwenye chombo cha zamani, asitarajie punguzo lote.

5.4 Rafadha za kitanzi

Maabara ya Lincoln ya chuo cha MIT, Marekani, ilibuni rafadha ambayo bapa lake halina ncha: linatoka kitovuni, linapinda, na kurudi kitovuni kama kitanzi au kama mshipi uliofungwa. Ubunifu huo ulipata tuzo ya R&D 100 mwaka 2022. Wazo lake ni jepesi kueleweka: pasipo na ncha huru, kisulisuli hakikusanyiki mahali pamoja, bali hutawanywa katika kitanzi chote na kufifia upesi. Kinachokusudiwa kupungua hasa ni sauti za marudio ya juu, zile zinazolikera sikio kupita zote.

Wazo ni zuri, lakini masharti yetu manne hayaondoki. Kitanzi kina uso mwingi wa kuburuta hewa, ni kizito, na ni vigumu kukisawazisha. Rafadha isiyosawazishwa hutikisa chombo kizima na kuzaa kelele nyingine. Anayesikiliza rafadha ya kitanzi kando ya rafadha ya kawaida aulize mambo matatu kabla ya kusadiki: je, zilikuwa zinabeba uzito mmoja? Kipenyo kilikuwa kimoja? Umeme uliotumika ulikuwa kiasi gani? Pasipo majibu hayo, amesikia sauti mbili tu, hajasikia ulinganishi.

6. SIKIO LA ALIYE CHINI

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba desibeli husema yote. Sivyo. Watafiti wa NASA, katika utafiti uliotolewa mwaka 2017, waliwasikilizisha watu sauti za droni ndogo na sauti za magari ya barabarani. Kwa kiwango kile kile cha sauti, wasikilizaji waliona droni inaudhi zaidi. Tofauti ilikuwa kama vile droni imeongezewa desibeli 5 hadi 6. Tukumbuke kwamba faida nzima ya Mavic Pro Platinum ilikuwa 4. Kinachoudhi ni namna ya sauti: mlio unaotetemeka, unaopandapanda, unaokaa juu ya kichwa na usiopita kama gari lipitavyo.

Sheria nazo zimeanza kuzungumza. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2019/945 inadai kwamba droni za madaraja fulani zibandikwe kiwango cha nguvu ya sauti. Kwa chombo kisichozidi gramu 900, ukomo ulianzia desibeli A 85, ukapangiwa kushuka hadi 83 na kisha 81. Msomaji asichanganye kiwango hicho na kile kinachofika sikioni. Nguvu ya sauti ni ile inayotoka kwenye chombo chenyewe. Ikiwa ni desibeli 81, aliye umbali wa mita 10 hupokea zipatazo 50, na aliye umbali wa mita 50 hupokea zipatazo 36. Tarakimu mbili tofauti kabisa kwa chombo kimoja, na zote sahihi, mradi isemwe ni ipi.

Wanyama nao wana masikio. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kutoka Kenya ulionyesha kwamba tembo hukimbia wanaposikia sauti ya nyuki waliochokozwa. Mwaka 2017 ilichapishwa taarifa nyingine, kutoka mipakani mwa hifadhi za Tanzania, juu ya droni zilizotumiwa kuwafukuza tembo mashambani. Hapo kelele ni chombo cha kazi, na rafadha kimya ingekuwa hasara kwa mkulima. Lakini mtafiti anayehesabu wanyama katika Garamba au Virunga anataka kinyume chake kabisa: mnyama asijue kwamba ametazamwa. Rafadha bora haipo. Kuna rafadha inayofaa kwa kazi fulani mbele ya masikio fulani.

7. KUPIMA KWA VIFAA VICHACHE

Mwanafunzi asiye na maabara anaweza hata hivyo kufanya ulinganishi wa kuaminika. Aifunge mota kwenye mti mzito uliolala juu ya mizani ya jikoni, rafadha ikipuliza hewa juu ili msukumo usomeke kama uzito ulioongezeka. Aongeze umeme mpaka mizani ionyeshe gramu 200 zaidi, na kila rafadha apime kwa gramu hizo hizo. Simu iwekwe mahali pamoja, mita mbili kwa mfano, mbali na ukuta urudishao mwangwi. Tarakimu ya simu isichukuliwe kuwa kipimo halisi. Lakini tofauti kati ya rafadha mbili, kwa simu ile ile na mahali pale pale, ina maana. Kelele ya mazingira iwe chini ya ile inayopimwa kwa desibeli 10 au zaidi. Usiku wa manane ndio saa yake. Kila kipimo kirudiwe mara kadhaa, na mizunguko iandikwe. Asiye na kifaa cha kuhesabu mizunguko atumie programu inayoonyesha marudio ya sauti: asome mlio, agawanye kwa idadi ya mabapa, azidishe kwa 60. Rafadha yenyewe itamwambia kasi yake.

Tahadhari moja haina mjadala: rafadha izungukayo hukata nyama. Mota ifungwe imara, na mpimaji asikae katika usawa wa mzunguko, maana bapa likivunjika huruka upande huo.

8. HITIMISHO

Tumeona kwamba kelele ya rafadha ni ya namna mbili, mlio na mvumo. Kwamba mwendo wa ncha huitawala. Na kwamba rafadha kubwa izungukayo polepole hushinda karibu kila umbo la kisasa, maadamu nafasi ipo. Tumeona pia kwamba ulinganishi usiotaja msukumo, umbali, hewa na upande hauna thamani, hata ukiandikwa kwa tarakimu zenye desimali.

Yapo matokeo mawili kwa chuo kikuu. Idara zinunuazo droni kwa ajili ya utafiti zidai tarakimu zilizopimwa kwa uzito sawa, na zipime tena hapa, katika hewa yetu. Nasi tushughulikao na lugha tuna wajibu wa kutoa maneno ya kulizungumzia jambo hili mbele ya wananchi. Kutokana na kitenzi kuvuma Kiswahili kimepata pia neno uvumi, yaani habari isiyojulikana mwenyewe. Mtu anayesikia mlio angani bila kuambiwa ni wa nani na umekuja kufanya nini, huachiwa uvumi. Rafadha iliyo bora inaweza kupunguza desibeli chache; lakini kabla ya kurusha chombo juu ya kijiji cha Masisi au mtaa wa Lubumbashi, kuwaeleza wakazi wake ni sehemu ya kipimo ambayo hakuna kiwanda kitakachotufanyia.